Chai ya Bu Murwani

Saa moja na dakika kumi asubuhi, kitambaa cha kwanza kilitoka katika beseni la kukazia rangi kikiwa cha kijivu. Kilipaswa kuwa cha kahawia, ile kahawia ya gome lililolowa ambayo nyumba ya Bu Murwani imeiuza hapa Laweyan, mtaa wa mjini Solo, tangu enzi za bibi yake. Mwanamke aliyekitoa alikitazama, akamtazama mwenzake, akakitundika kambani. Kisha akatumbukiza kingine.

Wening, binti wa Bu Murwani, alipoingia uani, kamba nzima ilikuwa imejaa. Vitambaa kumi na tisa vya kwanza vya batiki, vyenye mchoro wa harusi uitwao sidomukti, vilivyoagizwa kwa harusi moja kubwa ya Semarang, vilining'inia vikidondosha maji, vyote rangi ya anga la mvua. Hakuna aliyenung'unika. Hakuna aliyesimama. Mihuri ya shaba iligonga meza, nta ilichemka, mikono ilikwenda na kurudi. Mtu asiyejua rangi ya nyumba ile angesema kazi inakwenda vizuri ajabu.

"Kuna tatizo?" aliuliza.

"Hapana, Mbak," walimjibu kwa pamoja, wakimwita dada kwa adabu, kila mmoja na tabasamu lake.

Neno lilipomtoka tu, Wening alijua ameuliza vibaya. Jumamosi zote za miezi miwili alikuwa amekaa katika ukumbi wa ofisi ya biashara ndogo, pamoja na watoto wa wenye viwanda vya vitafunio, vya samani na vya mikate, wakifundishwa namna ya kuongoza nyumba ambayo bosi wake ndiye mama yako. Mkufunzi wao, Bu Nastiti, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, alilipiga marufuku swali lile siku ya kwanza. "Ukimuuliza Mjava kama kuna tatizo," alisema, "umemwomba akwambie hapana. Naye ana adabu. Atakupa ulichoomba." Ukumbi ulicheka mpaka mtoto wa mwoka mikate akafuta machozi, maana hakuna nyumba pale ambayo haijawahi kuunguzwa na ile hapana.

Siku nyingine walifundishwa kwamba kila mfanyakazi, hata anayefagia, awe na haki ya kusimamisha kazi akiona mambo yanaharibika. Ndipo Wening alipotundika karibu na mabeseni ya rangi kentongan, gogo la mwanzi lenye mpasuo, kama lile linalogongwa mitaani mwizi akionekana. Anayeona kosa, agonge. Mama yake alilitazama gogo lile kuanzia juu hadi chini.

"Siku hizi uongozi unafundishwa?" alisema Bu Murwani. "Mimi nilifundishwa na njaa."

Lakini hakuliondoa. Gogo lilining'inia pale wiki mbili, na aliyeligusa ni buibui peke yake.

Sasa vitambaa kumi na tisa vimeharibika na gogo halijalia. Wening hakuhitaji kuuliza ni nani aliyechanganya maji ya kukazia. Mkono uliochanganya maji yale ulikuwa mmoja tu, wa mama yake, kila alfajiri, nyuma ya mlango uliofungwa. Na mbele ya mkono ule watu kumi na wawili wenye macho mazima walikuwa tayari kutia kijivu harusi ya watu kuliko kusema, "Bu, umekosea."

Mwisho wa safu ya mabeseni alisimama Guritno, msimamizi wa rangi. Mikono yake ilikuwa imekolea kahawia mpaka viwikoni, kahawia ya kweli, ya jana. Hakuwa akitazama vitambaa. Alikuwa akimtazama Wening, na macho yao yalipokutana aliyashusha, kama alivyokuwa akiyashusha kwa mwaka mzima sasa. Ukutani nyuma yake palikuwa na begi, limefungwa. Treni ya Pekalongan ilikuwa inaondoka saa sita mchana. Huko alikuwa amepata kazi katika karakana kubwa, na leo ilikuwa siku yake ya mwisho. Wening alizipata habari hizo siku ya Jumatatu. Tangu Jumatatu alikuwa akijizoeza kutojali, na hakuwa amepiga hatua yoyote.

"Mas Gur," alisema, kama kaka anavyoitwa pale. "Njoo kisimani."

Mzee Sarju, mpiga muhuri mkongwe kuliko meza yake, alikohoa. "Nenda, Mas," alisema. "Lakini ukiitwa kisimani na mwanamke mwenye uso kama ule, chukua ndoo ujikinge."

Kisima kilikuwa nyuma ya karakana, chini ya ukuta mrefu unaotenganisha nyumba na kichochoro. Zamani, kabla ya mambo kuharibika, walikuwa wakikutana hapo kwa kisingizio cha maji. Wening aligeuka kabla Guritno hajafika vizuri.

"Unaona rangi gani pale kambani?"

"Kijivu."

"Tangu lini?"

"Tangu cha kwanza."

"Na ukanyamaza."

"Ni mchanganyiko wa Ibu, Mbak."

"Sikuuliza ni wa nani. Na usiniite Mbak hapa. Hapa uliwahi kuniita Wening."

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Mwaka mmoja ndio zamani? Batiki zenu za Pekalongan basi zitakuwa zinazeeka haraka!"

Guritno alitaka kutabasamu, akajizuia. Aliegemea ukingo wa kisima, akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa hesabu ya vifaa kabla ya kukabidhi. Maji ya chokaa hutoa kahawia, maji ya chuma hutoa kijivu. Mitungi miwili inafanana. Tangu Lebaran, sikukuu ya Idi, Bu Murwani alikuwa haoni vizuri. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa akichota kwa mazoea ya mkono, kwa hiyo kila alfajiri Guritno aliwahi, akauweka mtungi wa chokaa upande wa kulia, mahali ambapo mkono wake ungeufikia.

"Leo nilikuwa nafunga begi," alimaliza. "Aliyepiga deki amebadilisha nafasi za mitungi."

"Macho ya Ibu yanakwisha, na mimi binti yake sijui?"

"Ungejua, ungemwambia. Angeona haya. Na Ibu akiona haya, hataingia tena karakanani."

"Kwa hiyo ukamfunika. Wakaja wengine nao wakafunika. Tumefunikana hivyo mpaka leo maharusi wa Semarang wanavikwa majivu! Huo si wema, Mas. Umemwacha atembee gizani ukimwondolea viti njiani."

Hilo lilimpata. Alilipokea bila kujitetea, na Wening alizidi kupandwa na hasira, maana afadhali angejitetea. Alikuwa mzuri zaidi anaponyamaza, na hilo nalo lilimwudhi.

"Wewe ni bingwa wa kunyamaza," alisema. "Mwaka jana pia ulinyamaza."

Guritno aliinua uso. "Mimi?"

"Nani mwingine? Mlikuja na mjomba wako, mmevaa mashati mapya, mkaketi sebuleni. Mtaa mzima ulijua mmekuja kuniposa. Mimi nimeleta chai, nimerudi nyuma ya pazia, nimebana pumzi, nangoja neno moja tu. Mkaongea habari za mvua. Mvua, Mas! Mvua ya Solo, mvua ya Klaten, mvua ya mwaka juzi. Kisha mkaaga. Nikabaki na pazia langu."

Guritno alikuwa ametoa macho. Wening alikuwa na "kwa nini" mdomoni, imeiva, tayari kurushwa. Akaimeza. Ukimuuliza mtu kwa nini, Bu Nastiti aliwafundisha, anajenga ukuta. Muulize kilichomzuia, huenda akakionyesha.

"Nini kilikuzuia?" aliuliza.

"Chai."

"Chai gani?"

"Uliyoniletea. Haikuwa na sukari."

Wening alisimama kama aliyemwagiwa maji ya kisima. Katika nyumba ile mchumba asiyetakiwa hakuambiwa hapana. Aliletewa chai isiyo na sukari, katika kikombe kizuri kuliko vyote, kwa tabasamu. Aliinywa, akaongea habari za hali ya hewa, akaondoka na heshima yake. Bibi alifanya hivyo. Shangazi yake aliwarudisha wachumba watatu kwa njia hiyo, na Wening mdogo na binamu zake walikuwa wakijificha jikoni kucheka. Aliijua desturi ile kama anavyoijua njia ya kwenda sokoni. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba siku ile ilipita mikononi mwake.

"Mimi nilibeba sinia tu," alisema polepole. "Chai aliimimina Ibu."

"Ningejuaje? Kikombe kilitoka mkononi mwako. Na ulitabasamu."

"Nilitabasamu kwa sababu nilikuwa nakupenda, mjinga wewe!"

Sauti iligonga ukuta, ikarudi. Kule karakanani mihuri ya shaba iliacha kugonga, yote kwa wakati mmoja. Wening alijiziba mdomo. Masikio yalikuwa yanamwaka moto.

Guritno hakusogea.

"Umesema 'nilikuwa'?" aliuliza.

"Usinipimie maneno kama nta."

"Nauliza tu. Si ndicho mnachofundishwa huko, kuuliza?"

Mwaka mzima. Mwaka mzima alipita mbele ya mtu huyu akijifanya anatazama vitambaa. Wening aliitazama ile mikono ya kahawia, ule mkunjo mdogo kando ya mdomo, na moyo wake ukapiga kwa kasi ya mtu aliyekimbia kutoka stesheni.

"Nakupenda," alisema. "Sasa hivi. Pamoja na hasira hii yote."

"Wening." Alilitamka jina kama mtu anayeonja kitu alichokatazwa. Akalirudia. "Wening, mimi naenda Pekalongan kwa sababu siwezi kukuona kila asubuhi na kukuita Mbak. Sina sababu nyingine. Mshahara ni uleule."

Alipiga hatua moja. Wening alitamani apige na ya pili, alitamani kuliko chochote, na kwa hiyo aliinua kiganja kumzuia.

"Usiniambie mimi. Mimi nimeshajua, ukuta umeshajua, mzee Sarju ameshajua. Ukiondoka leo kwa sababu umeshindwa kusema mbele ya mama yangu, basi hata ukibaki utakuwa umeondoka. Kama una neno, gogo liko pale."

Guritno aligeuka, akapita kati ya mabeseni, akapita mbele ya watu waliojifanya wanatafuta vitu sakafuni, akang'oa kipigio kwenye msumari. Buibui alikimbia. Akagonga.

Hakuna aliyekuwa amefikiria ukubwa wa sauti ile ndani ya kuta za Laweyan. Kuku wa jirani waliruka. Mlango wa kichochoroni ulifunguliwa kwa kishindo, na juu ya ukuta kikatokea kichwa cha Pak Wiryo, mjumbe wa mtaa, kifua wazi, mchi mkononi.

"Yuko wapi? Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, Pak!" alipaza sauti Sarju. "Ni rangi!"

"Rangi imeibwa?"

"Imekataa kuja!"

Kicheko kilianza, kikakatika. Bu Murwani alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha michanganyiko, funguo zikilia kiunoni, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango. Wening kwa mara ya kwanza aliona ule mkono. Alikuwa akidhani ni mkao wa kibosi; kumbe mama alikuwa akipapasa njia.

"Nani amegonga?"

"Mimi, Bu," alisema Guritno.

"Wewe si unaondoka leo?"

"Ndiyo, Bu."

"Hukuweza kuondoka kimyakimya, kama watu wenye malezi?"

Guritno alifungua mdomo. Wening aliiona ile "ndiyo, Bu" ikimpanda kooni, ile ya miaka yote, na akajua ikitoka tu kila kitu kimekwisha: vitambaa, nyumba, yeye mwenyewe. Aliingia kati ya watu. Kazi ya mtoto wa bosi, kama Bu Nastiti alivyowafundisha, si kuwajibia watu. Aulize, kisha awe na kifua cha kuubeba ukimya.

"Ibu, kabla hajajibu, nina swali kwa wote," alisema. "Nini kimeharibika leo asubuhi?"

Ukimya ulikuja. Nta ilitokota. Matone yalidondoka kutoka kambani, moja moja. Kila sekunde ulimi wa Wening ulitaka kumwokoa mtu, na kila sekunde aliuuma. Sarju alitazama muhuri wake. Juu ya ukuta, Pak Wiryo alishusha mchi.

"Rangi, Bu," alisema Guritno. "Ni kijivu. Vitambaa vyote."

"Nipe kimoja."

Bu Murwani alikipokea, akakigeuza kwenye mwanga, akakisogeza karibu na uso. "Hiki ni kahawia," alisema.

Hakuna aliyemjibu. Bu Murwani alikuwa ameendesha watu miaka thelathini, alijua uzito wa kila aina ya kimya, na hiki hakuwahi kukutana nacho. Alikishusha kitambaa taratibu.

"Sarju. Wewe ulikuwa hapa mama yangu akiwa hai. Rangi gani hii?"

"Ningependa kusema ni mtindo mpya wa Jakarta, Bu," alisema mzee. Kisha akaacha utani. "Ni kijivu."

Guritno alieleza habari ya mitungi. Alieleza yote, mbele ya wote, na sauti yake ilikwama mara moja tu, aliposema kwamba Ibu huchota kwa mkono na si kwa macho. "Nilifanya kosa kuficha," aliongeza. "Nilidhani nakusaidia. Nimekuharibia kazi, Bu."

Bu Murwani aliketi kwenye kigoda cha Sarju. Hakuwahi kuketi kwenye kigoda cha mfanyakazi.

"Tangu lini mnajua?"

"Tangu Lebaran."

"Nyote?"

Hawakukataa.

Wening alipiga magoti kando yake. "Mimi ndiye sikujua, Ibu. Daktari anaondoa mtoto wa jicho asubuhi, jioni mtu yuko nyumbani anakula."

"Najua, Nduk, binti yangu. Nilishaenda kuuliza." Bu Murwani alilainisha kitambaa cha kijivu juu ya mapaja yake, kana kwamba ni cha kuuzwa. "Nilifikiri nikilala kitandani siku moja, nyumba italala nami. Hapa hakuna anayejua kuchanganya ila mimi."

"Ni kwa sababu mlango umefungwa, Ibu."

Mama alifungua fundo la funguo, akaupapasa mmoja, akauweka kiganjani mwa binti yake. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba.

"Mwageni maji yale," alisema kwa sauti yake ya kazi, na watu wakashtuka kama waliopulizwa uhai. "Gur achanganye upya. Mlango wazi. Wening atazame ajifunze. Vitambaa vilivyobaki ni vingi?"

"Ni vingi, Bu! Tunaweza!" walijibu, na safari hii hakuna aliyetabasamu kwa adabu. Walikuwa wanacheka.

"Na Semarang?"

"Nitawapigia mimi," alisema Wening. "Nitasema tumeharibu kumi na tisa, vingine vitakuwa sawa, na tunaomba siku chache."

"Mama yangu angewaambia mvua imechelewesha kukauka."

"Mvua imechoka kusingiziwa katika nyumba hii, Ibu."

Bu Murwani alimgeukia. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima. Alisikia kuna jambo jingine ndani ya maneno yale.

"Hilo nalo mmefundishwa ofisini?"

"Hapana. Hilo ni langu."

"Mm." Bu Murwani alikunja kitambaa mara mbili. "Basi acha na mimi niulize, nikiwa bado nimeketi. Nini kingine kimeharibika katika nyumba hii?"

Alikuwa ameuliza kama Wening alivyouliza, karibu neno kwa neno. Wening alihisi mgongo ukimsisimka. Jumamosi zote zile alizoambiwa ni kupoteza nauli, na hili hapa swali, linatoka kinywani mwa mama yake mbele ya watu wote. Kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu.

"Chai, Bu," alisema Guritno.

Mwanamke mmoja penye mabeseni alivuta pumzi kwa sauti.

"Chai ipi?" aliuliza Bu Murwani, ingawa uso wake ulikuwa umeshajua.

"Ya mwaka jana. Nilipokuja na mjomba."

"Ilikuwa chungu?"

"Sana, Bu."

"Nakumbuka uliimaliza. Wengine huonja wakaiacha. Kwa nini uliimaliza?"

"Ililetwa na Wening."

"Eeeh!" walipiga ukelele wanawake wa rangi. Sarju aligonga meza kwa muhuri mtupu. Juu ya ukuta Pak Wiryo aliuliza nini, nini amesema, hakusikia vizuri, na mkewe chini akamwambia anyamaze asikilize. Wening hakuona chochote kati ya hivyo. Alimwona mtu mmoja tu, aliyesimama na kipigio mkononi, asiyeshusha macho.

Bu Murwani alingoja kelele ziishe.

"Nilikunyima sukari kwa sababu baba yako alikuwa kibarua, alimchemshia mama yangu nta," alisema. "Kwetu tumezoea kuoana wenye karakana kwa wenye karakana. Nimetafuta sababu nyingine mwaka mzima, ili nipate usingizi. Sikuipata." Akavuta pumzi. "Leo huletewi jibu kwenye kikombe. Unaulizwa. Unataka nini?"

"Nataka kumwoa Wening, Bu."

"Na Pekalongan?"

"Pekalongan hakuna Wening."

"Na wewe, Nduk? Nisisikie 'apendavyo Ibu'. Hilo ndilo jibu lililotufikisha kwenye kijivu."

"Namtaka," alisema Wening, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Namtaka huyu, na ninataka mlango wa michanganyiko uwe wazi, na ninataka Ibu aende kwa daktari wiki hii."

"Nimekuuliza moja, umejibu matatu."

"Moja lilikuwa limebeba mengine."

Bu Murwani alicheka, kicheko kifupi, cha puani. Akainuka.

"Mbok Tumi!" aliita. Mpishi alikuwa mlangoni mwa jiko muda wote, mwiko mkononi. "Weka chai."

Mbok Tumi aliganda. Miaka yote aliagizwa "weka chai", na miaka yote alikisia mwenyewe kutokana na uso wa bosi wake ni chai gani. Aliwatazama watu, akalitazama gogo, akajipa moyo.

"Bu," alisema, "samahani, nauliza. Sukari kiasi gani?"

Hata nta ilionekana kusikiliza.

"Weka," alisema Bu Murwani, "mpaka kijiko kisimame chenyewe."

Kelele zilizofuata zilimtoa Pak Wiryo ukutani, na alisikika akianguka upande wa pili bila madhara, akitukana kwa furaha. Bu Murwani hakungoja chai iletwe. Aliingia jikoni mwenyewe, akatoka na sinia mikononi, kikombe kimoja juu yake, kile kizuri kuliko vyote. Alitembea polepole, akipapasa kizingiti kwa ncha ya ndara. Watu watatu walijitupa mbele kumshika. Wening aliinua mkono: mwacheni.

Alifika. Sinia alilinyoosha pembeni kidogo, kushoto kwa mahali Guritno aliposimama. Guritno alisogea kushoto.

"Onja," alisema Bu Murwani.

Guritno alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alimtazama Wening kwa juu ya ukingo wake, akanywa, hakupumzika katikati, mpaka kichwa kikaelekea nyuma. Kisha akakirudisha kwenye sinia, mbele ya wote. Chini kabisa ndani ya kikombe kulikuwa na tabaka la sukari ambalo halikuyeyuka.